Kabla Hujanunua Chupa ya Vitamini

Mzazi wa Mukuru kwa Reuben akiona mtoto amenyong'onyea, nywele zimekuwa nyepesi na ngozi imepauka, mara nyingi hukimbilia kemisti. Huko huuziwa chupa ya vitamini ya maji yenye ladha ya machungwa, kijiko asubuhi na kijiko jioni. Nyumbani mtoto anaendelea na uji mweupe, chai ya rangi, kisha ugali na sukuma wiki usiku. Chupa inaisha, mtoto yuko vilevile, na mzazi anaanza kuulizia chupa ya bei kubwa zaidi.

Sisemi vitamini haina maana. Nasema haifanyi kazi peke yake mwilini, na miongoni mwa vitu inavyovitegemea sana ni protini: ile ya maharagwe, ndengu, omena, yai, maziwa na nyama. Protini ikipungua, vitamini nyingine hukwama kwenye ini, nyingine hupotea na mkojo, na nyingine haitengenezwi kabisa. Kinyume chake nacho ni kweli, ingawa hakisemwi sana: ukimrundikia protini mtu ambaye vitamini zimemwishia, waweza kumwongezea shida. Mengi ya haya yalijulikana kwanza kwa panya wa maabara, na sehemu ya kazi hiyo ilifanyika hapa Afrika Mashariki.

Tuanze na vitamini A, ile ya macho na ya kinga dhidi ya magonjwa. Mwili huiweka akiba kwenye ini. Ili itoke humo ifike machoni, kwenye ngozi na kwenye utumbo, lazima ibebwe na protini maalumu ambayo ini lenyewe huitengeneza. Mchukuzi huyo alitambuliwa mwaka 1968 na kundi la DeWitt Goodman wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Panya wakilishwa chakula chenye protini haba, ini hushindwa kutengeneza wachukuzi wa kutosha. Ukipima damu unakuta vitamini A imeshuka, ukipima ini unaikuta bado ipo. Mkazi wa Kwa Reuben hahitaji maabara kuielewa hali hii: godauni za Industrial Area zimejaa mali hatua chache kutoka kwake, lakini bila mkokoteni wala lori hakuna gunia litakalofika dukani.

Kilichoonekana kwa panya kilionekana pia kwa watoto. Mwaka 1973 Goodman na wenzake walitoa matokeo ya watoto wa Misri waliokuwa na utapiamlo mkali. Mchukuzi alikuwa chini, vitamini A damuni ilikuwa chini, na vyote viwili vilipanda watoto walipolishwa protini na chakula cha kutosha, hata bila kuongezewa vitamini A yenyewe. Akiba ilikuwepo, ila haikuwa na wa kuitoa. Madini ya zinki nayo yamo katika kazi hiyo, na ndiyo sababu nyingine ya kupenda maharagwe, nyama na samaki wadogo, kwa maana vyakula hivyo huja na protini na zinki pamoja.

Mboga nazo zina habari yao. Sukuma, terere, managu, kunde, karoti na viazi vitamu vya rangi ya chungwa havina vitamini A iliyo tayari. Vina karotini, ambayo ukuta wa utumbo huipasua ikawa vitamini A. Anayepasua ni kimeng'enya, na kimeng'enya chochote ni protini. Majaribio ya mwaka 1970 yalionyesha kwamba panya waliopewa protini kidogo, kimeng'enya hicho kilipungua nguvu kwenye utumbo wao. Kwa hiyo bakuli la sukuma lililoliwa na ugali mtupu halimpi mtoto kile ambacho bakuli lilelile lingempa likiwa na madondo pembeni. Karotini pia huhitaji mafuta ili ifyonzwe. Kaanga mboga kwa kijiko cha mafuta ya kupikia, usiichemshe mpaka ikafa rangi, na yale maji usiyamwage.

Sasa upande wa pili, ambao wauzaji wa unga wa protini hawautaji. Mwishoni mwa miaka ya 1950, daktari Donald McLaren kutoka Uskoti alikuwa Mwanza, kwenye Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Afrika Mashariki, akichunguza magonjwa ya macho yanayoletwa na lishe duni Tanganyika. Mwaka 1959 alichapisha pia kazi juu ya panya. Alitaka kujua panya aliyenyimwa vitamini A huharibika macho vipi, na huishi muda gani, ikiwa protini nayo imepunguzwa. Majaribio ya aina hiyo, katika maabara mbalimbali, huwashangaza wanaoyasikia mara ya kwanza. Panya aliyenyimwa vyote viwili hakui, na kwa kuwa hakui, akiba yake ndogo ya vitamini A huitumia polepole. Mpe protini nzuri bila vitamini A na ataanza kukua, na kule kukua kutaimaliza akiba upesi, kisha macho yataanza kukauka.

Watoto wa watu nao yaliwapata. Maziwa ya unga yaliyoondolewa mafuta yaligawiwa kama msaada katika nchi maskini baada ya Vita Vikuu vya Pili. Yalikuwa na protini safi, lakini vitamini A hukaa kwenye mafuta, na mafuta yalikuwa yametolewa. Kuna mahali watoto waliodhoofika walianza kupata nafuu ya mwili huku macho yakiharibika, na katika miaka ya 1960 Marekani ikaanza kuyaongezea vitamini A maziwa hayo ya msaada. McLaren mwenyewe aliandika makala kali kwenye jarida la Lancet mwaka 1974, akiwalaumu wakubwa wa lishe duniani kwa kuishupalia protini huku watoto wakikosa chakula cha kutosha kwa jumla. Naona alikuwa na haki. Mtoto asiyeshiba, hata ukimpa yai, mwili huichoma ile protini kupata nguvu ya siku, na kazi ya kujenga hubaki pale pale. Ugali una heshima yake. Shida ni ugali kuachwa peke yake.

Kwa mzazi, maana ya hayo ni kwamba unapoanza kumwongezea mtoto omena na maharagwe, hakikisha na vitamini A ipo. Nchini Kenya watoto wa miezi 6 hadi 59 hupewa matone ya vitamini A kila baada ya miezi sita, bila malipo, na wiki za Malezi Bora za mwezi Mei na Novemba ndizo hufuatilia waliokosa. Angalia kijitabu cha kliniki: tarehe ya mwisho ni ipi? Kama imepita miezi sita, nenda kabla hujaingia kemisti. Usimpe matone hayo pamoja na vitamini A nyingine ya kununua bila kumuuliza muuguzi, kwa sababu vitamini hii ikizidi hubaki mwilini na kudhuru. Kwa sababu hiyohiyo mama mjamzito asile maini mara kwa mara, ingawa kipande kidogo kwa mtoto mara moja kwa wiki ni kizuri kuliko chupa nyingi nizionazo madukani.

Nije kwenye mahindi, maana hapo ndipo chakula chetu kina kasoro kubwa zaidi. Mwaka 1914 Thomas Osborne na Lafayette Mendel, wakifanya kazi Connecticut, Marekani, waliwalisha panya zeini, ambayo ndiyo protini kuu ya mahindi. Panya walikonda. Walipoongezewa triptofani walishika uzito wao, na walipoongezewa pia laisini walianza kukua. Hizo mbili ni vipande vya protini ambavyo mahindi yana kidogo sana na maharagwe yana laisini kwa wingi. Kisha mwaka 1945 Willard Krehl na Conrad Elvehjem, wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, waliona kwamba panya waliodumazwa na chakula cha mahindi walipona kwa njia mbili tofauti: ama kwa kupewa niasini, ambayo ni vitamini ya kundi B, ama kwa kupewa triptofani. Mwili ulikuwa unaigeuza protini kuwa vitamini. Kwa binadamu hesabu inayotumika ni kwamba miligramu 60 za triptofani huzaa miligramu moja ya niasini.

Mahindi basi yana hasara mara mbili. Triptofani ni haba, na niasini iliyomo imefungika kiasi kwamba utumbo hauipati yote. Anayeishi kwa unga mweupe na chumvi anaweza kupata pelagra: ngozi kuwa nyeusi na kubambuka mahali panapopigwa na jua, kuhara, na akili kuvurugika. Wala hili si la vitabuni tu. Mwaka 1990 wakimbizi kutoka Msumbiji waliokuwa Malawi waliishi kwa mgao wa mahindi. Njugu karanga zilizokuwa kwenye mgao zilikosekana, na zaidi ya watu 17,000 wakapata pelagra. Njugu zina niasini yenyewe na zina protini. Zilipoondoka, hakukuwa na kitu kingine cha kuziba pengo.

Ndiyo maana nasema githeri ni chakula cha akili kuliko tunavyokipa sifa. Mahindi hukosa kile ambacho maharagwe yanacho, na maharagwe hukosa kile ambacho mahindi yanacho. Mama wa Eastlands anayenunua githeri iliyochemshwa tayari kwa mama mboga, akaikaangia kitunguu, nyanya na mkono wa terere, amepika mlo unaoshinda ugali na supu ya mifupa. Nawajua watakaobisha kuhusu hiyo supu. Supu nyepesi ya mifupa ni tamu, lakini protini nyingi iko kwenye nyama. Mtoto anayepewa mchuzi huku vipande vikienda kwa baba hajala nyama.

Kuhusu unga: tangu 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi na wa ngano wa pakiti uongezewe vitamini na madini, ikiwemo vitamini A, niasini, zinki na chuma, na mafuta ya kupikia yaongezewe vitamini A. Unga unaosagiwa gorogoro yako mtaani haupitii huko. Kama huo ndio bajeti inaruhusu, usione haya, ila usitoe maganda yote, na siku za kula ugali huo usikose maharagwe, omena au njugu.

Kiasi gani kinatosha? Hapa watu hutishwa bure. Mtu mzima wa kilo 60 anahitaji takriban gramu 50 za protini kwa siku, na mtoto wa kilo 12 takriban gramu 12, na kidogo zaidi ikiwa chakula chake kingi ni cha mimea. Yai moja lina gramu 6 hivi. Kikombe cha maharagwe yaliyopikwa kina kama 15. Omena kavu zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini, kwa hiyo gramu 10 tu, ambazo ni ngumi ndogo ya mtoto, zinampa karibu sawa na yai. Nusu kikombe cha madondo mchana na kijiko cha omena iliyosagwa kwenye uji vinamtosha mtoto huyo wa kilo 12, hata kabla hujahesabu kilichomo kwenye ugali. Hakuna haja ya kopo la unga wenye picha ya mwanariadha.

Akina mama wengi wa Kwa Reuben hutoka alfajiri kwenda viwandani au kufua nguo za watu, na mtoto hubaki kwa mlezi na chupa ya chai yenye uji. Basi uji huo ndio mlo wake mkuu, na hauwezi kuwa wanga mtupu. Tia njugu zilizosagwa, au omena iliyooshwa, ikakaangwa kavu na kusagwa, na maziwa yakipatikana. Ukitaka soya, ikaange au uichemshe kabla ya kusaga. Mbichi ina kitu kinachozuia utumbo kumeng'enya protini, na Osborne na Mendel waliliona hilo kwa panya mwaka 1917: panya waliopewa soya mbichi walidumaa, waliopewa iliyopikwa wakakua. Zile pakiti za uji za nafaka kumi na mbegu zote za soko, zilizosagwa zikiwa mbichi pamoja, mimi sizipendi. Vitu viwili au vitatu vilivyotayarishwa vizuri vinatosha. Njugu zenye ukungu zitupe hata kama ni kilo nzima. Aliye chini ya miezi sita, maziwa ya mama pekee.

Vijana wa gym nao nina neno nao. Kunywa mayai mabichi asubuhi hakukujengi zaidi ya mayai yaliyochemshwa, na kuna jaribio la zamani juu yake. Mwaka 1927 Margaret Boas, kwenye Taasisi ya Lister mjini London, aliwalisha panya ute mkavu wa yai usiopikwa kama protini yao kuu. Ngozi iliwatoka vidonda na manyoya yakanyonyoka, wakati wale wa ute uliopikwa hawakupata madhara hayo. Baadaye ilijulikana kwamba ute mbichi una protini iitwayo avidini, inayoikamata vitamini iitwayo bayotini na kutoka nayo mwilini. Moto huiharibu avidini. Yai bichi moja halitakunyonyoa nywele, lakini mazoea ya kila siku hayana faida yoyote unayoweza kuitaja, na bakteria wa kuhara wanaweza kuwemo. Jambo lingine: kadiri unavyokula protini nyingi ndivyo mwili unavyohitaji zaidi vitamini B6 ya kuichakata. Mwenye kuongeza mayai aongeze pia ndizi, viazi na maharagwe.

Vitamini B12 haimo kwenye mimea hata ule majani ya shamba zima. Huko Embu, kuanzia 1998 hadi 2000, watafiti wakiongozwa na Charlotte Neumann waliwapa wanafunzi wa shule 12 githeri. Baadhi iliongezewa nyama, baadhi mafuta, na wengine walipewa maziwa nayo, huku kundi moja likikaa bila chakula cha mradi. Waliopata nyama au maziwa ndio waliopanda B12 damuni, na waliopata nyama waliwapita wengine katika mtihani wa kufikiri kwa michoro. Si lazima iwe nyama ya buchari. Omena inayo, mayai yanayo, maziwa yanayo, na mgongo wazi wa samaki unao nyama iliyobaki kwenye mifupa. Mara mbili au tatu kwa wiki, kwa kiasi kidogo, inatosha kwa familia nyingi. Mwanao akisoma shule ya umma, muulize mwalimu kuhusu Dishi na County, mpango wa Kaunti ya Nairobi ulioanza 2023 ambao mtoto huchangia shilingi 5 kwa mlo. Wengi wa Mukuru wako shule za binafsi za bei nafuu na hawafikiwi, kwa hiyo mlo wa mchana ubaki kuwa jukumu lenu.

Na msichukue kila habari ya panya mkaihamishia kwa mtoto. Panya hujitengenezea vitamini C, sisi hatuwezi. Paka hawezi kugeuza karotini kuwa vitamini A, wala hapati niasini ya maana kutoka kwa triptofani, sisi tunaweza. Panya mchanga hukua kwa kasi kubwa mno, hivyo mahitaji yake ya protini kwa uzito wake ni makubwa kuliko ya mtoto. Mtu akikuuzia bidhaa kwa kusema imethibitishwa maabara, muulize imethibitishwa kwa nani, na kwa kiasi gani. Niliyoyaeleza juu ya vitamini A na niasini nimeyategemea kwa sababu yameonekana kwa panya na kwa watu pia.

Liko jambo moja lisilotibiwa jikoni. Mtoto aliyevimba miguu, ambaye ukimbonyeza juu ya wayo shimo hubaki, au ambaye mzingo wa mkono wake wa juu haufiki sentimita 11.5 kwa umri wa miezi 6 hadi 59, ana utapiamlo mkali. Usimlazimishe mayai na nyama nyumbani. Mwili wake hauwezi kubeba mzigo huo siku za kwanza, na ndiyo maana hospitali huanza na maziwa maalumu yenye protini kidogo, kisha huongeza taratibu. Mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wako ana utepe wa kupima mkono na hatakulipisha. Mwite akupimie mtoto wiki hii, na ukiona miguu imevimba usimsubiri: mbebe mtoto umpeleke hospitali siku hiyohiyo.